Mkongojo wa Novatus Mayige

Amri ililetwa na redio ya kituoni asubuhi, nayo haikuacha upenyo. Mkuu wa polisi wa wilaya alikuwa Shinyanga kwenye kikao. Angerudi Bariadi alasiri ya siku hiyo hiyo, na akifika alitaka kumkuta Daktari Januarius ametiwa pingu, tayari kusafirishwa kwenda rumande ya mkoa. Inspekta Athanasi aliitikia, "Ndiyo, Afande," akakirudisha chombo mahali pake, kisha akabaki ameshika tama kwa muda ambao askari wa zamu aliuona ni mrefu mno kwa amri fupi namna ile.

Amri yenyewe hata mtoto wa shule angeielewa. Tatizo lilikuwa Wilhelmina. Wilhelmina, mama yake mzazi, alikuwa amelazwa katika hospitali ya daktari huyo huyo, shingo ya mfupa wa paja imevunjika, akisubiri kupasuliwa, na siku yake ilikuwa leo. Mpelelezi akimfunga daktari, mama hatembei tena. Akimwacha, hata kwa muda mfupi tu, Bariadi nzima itasema inspekta ameuza kesi ya mauaji kwa nyonga ya mama yake. Athanasi alikuwa amewahi kufukuza wezi wa ng'ombe hadi Kiloleli na kulala mbugani akisikiliza fisi, lakini alikuwa hajawahi kuona njia zote mbili zimezibwa kwa mpigo mmoja.

Kesi ilionekana nyepesi, na wepesi huo ndio uliomkera. Mwanzoni mwa juma lile, Mzee Novatus Mayige wa Kasoli alikutwa amekufa kitandani kwake. Alikuwa mgane, akiishi peke yake. Maisha yake yote alilima pamba, na soko lilipofunguliwa na watu binafsi wakaruhusiwa kununua, naye akafungua ghala lake pale senta, akamweka mpwa wake Marcelo kuendesha mizani na lori. Aliyemuua alimziba pumzi kwa mto. Na mguu wake wa kushoto, ule ambao Daktari Januarius aliuwekea nyonga ya chuma mzee alipoanguka kutoka juu ya shehena ya magunia, ulikutwa umekuwa mfupi, goti limegeukia ndani. Nyonga ilikuwa imechomoka mahali pake.

"Nani mwingine katika wilaya hii anajua kuing'oa nyonga ile?" mkuu alikuwa ameuliza. Pikipiki ya daktari ilisikika nyumbani kwa mzee usiku ule, na mwenyewe hakukana. Alisema alikwenda kumtazama mgonjwa wake, akabisha hodi, akaona kimya, akadhani mzee amelala, akaondoka. Tena mnadani watu walikuwa wamemsikia akimkaripia Novatus kwa kumkuta ameketi kwenye kigoda kifupi. Alimwambia akiendelea hivyo atakuja kwake aing'oe nyonga kwa mikono yake mwenyewe. Siku ile wote waliosikia walicheka. Baada ya kifo hakuna aliyekumbuka kwamba alicheka.

Mpwa, kwa upande wake, alikuwa salama. Wanawake waliokuwa kwenye pampu ya maji walimwona mzee jioni akielekea nyumbani, hai, na koti lake refu na kofia yake ya pama, akichechemea. Marcelo alieleza kwamba alimsindikiza mjomba wake hadi mlango wa ghala, akamwangalia akienda, ndipo akapakia lori na kuteremka Bariadi kiwandani, ambako madereva wenzake kwenye foleni walikula naye na kulala naye. Mzee yu hai jioni, mpwa yuko mjini usiku, daktari anabisha hodi katikati. Hesabu ya darasa la pili, na Athanasi tangu utoto hakuziamini hesabu zinazotoka bila kumtoa mtu jasho.

Alikwenda hospitalini kwa miguu, polepole, kama mtu anayekwenda kujishitaki.

Hospitali ilikuwa jengo la zamani la bohari lililopakwa chokaa. Daktari Januarius alilikodi mwaka ule hospitali za watu binafsi ziliporuhusiwa tena, akaacha kazi ya serikali, akaleta misumeno, patasi na nyundo zake, na watu wakamwita Seremala. Alifanana nalo jina hilo. Alikuwa mfupi, mabega mapana, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele. Athanasi alimkuta wodini, kando ya kitanda cha Wilhelmina, na Koplo Elia, aliyewekwa kumlinda, nyuma yake na bunduki, akiwaonea haya wagonjwa kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa.

Mguu wa mama ulivutwa kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo mwisho wa kitanda na kuning'iniza mfuko wa mchanga. Hakuweza kujigeuza. Mgongoni ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka, na usiku alikohoa. Hata hivyo daktari alikuwa amemshikisha mkongojo. Ndiyo ilikuwa desturi yake: mgonjwa anafundishwa mkongojo kabla ya kisu, mkono ujifunze wakati akili ingali na utulivu.

"Mguu mbovu ni wa kushoto, mkongojo unakaa kulia," alikuwa akisema. "Ukiushika upande wa mguu mbovu, mwili wote unailalia nyonga yangu. Ukiushika upande wa pili, mkongojo unabeba nusu ya mzigo."

"Na watu nitawasalimia na nini?" Wilhelmina aliuliza.

"Na mdomo, mama."

"Mdomo haunyooshwi, daktari. Mtu akiniinulia mkono toka ng'ambo ya shamba, mimi nimwinulie wa kushoto? Atasema Wilhelmina kawekewa chuma, sasa anatusalimia kama anafukuza mbwa."

Daktari alimgeukia Athanasi akalalamika kwamba kila Msukuma aliyempasua nyonga ya kushoto alimgombeza hivyo hivyo. Watatu kati yao, alisema, waliapa kuhamisha mkongojo wakikutana na wakwe. Wakajaribu mara moja. Maumivu yakawafundisha kuliko yeye alivyoweza, hawakurudia. Athanasi alikuwa hasikilizi. Alikuwa akiutazama ule mfuko wa mchanga, na jinsi mama yake alivyokuwa akimtazama yeye bila kuuliza lolote. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

Walitoka hadi ukumbini, na Koplo Elia akasimama mbali kidogo kwa heshima. Athanasi aliuliza kile alichojia: nyonga ya Novatus ilichomokaje?

Daktari hakubabaika. Alichukua kutoka kabatini chuma cha aina ile ile, kichwa cha mviringo kinachong'aa na mkia mrefu unaozamishwa ndani ya mfupa wa paja, akakitia kwenye kiganja alichokikunja mfano wa kikombe. Alieleza kwamba yeye hupasua kwa nyuma, na nyama za nyuma zikishonwa huchelewa kupata nguvu. Kwa hiyo mgonjwa anakatazwa kigoda, kuchuchumaa, na jambo lolote linalolipeleka goti kifuani. Akapindua kiganja, na kichwa cha chuma kikateleza nje kwa nyuma.

"Haing'olewi kwa kuvutwa, Inspekta. Inatoka kwa kukunjwa. Mtu alimkunja mzee yule goti likagusa kifua."

"Akiwa hai?"

"Daktari wa wilaya alifungua maiti. Alikwambia ameona damu imevilia pale?"

Athanasi alikumbuka. Daktari wa wilaya alimwambia kwa mdomo kwamba nyama za nyonga zilikuwa safi, bila damu iliyoganda, na wote wawili hawakujua hilo lina maana gani. Januarius alijua. Aliye hai ukimng'oa nyonga anavuja damu kwa ndani. Maiti havuji. Mzee aliuawa kwanza, akakunjwa baadaye, na hakuna mtu anayekunja maiti aliyelala kitandani kwake.

Lilikuwa jambo zito, ila lilitoka kinywani mwa mtuhumiwa, na Athanasi aliweza kumsikia mkuu wake akicheka. Alimwambia daktari hivyo waziwazi. Daktari akasema kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na ukali.

"Mama yako nina chuma kimoja tu cha saizi yake. Kifua chake hakitasubiri nirudi kutoka Shinyanga, kama nitarudi. Niachie sasa hivi nimpasue, halafu nifunge."

Athanasi alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Alijiona akilisema, akauona na uso wa mama ukitabasamu, na nyuma ya uso huo akaiona mahakama, wakili amesimama, anauliza ni lini hasa inspekta aligundua kwamba mshitakiwa hana hatia, kabla au baada ya kushonwa mama yake. Mama akipona itakuwa rushwa. Akifia mezani, watasema muuaji aliachiwa akaua wa pili.

"Hapana," alisema. "Usimguse hadi nirudi."

Alipanda pikipiki ya kituo akashika njia ya Kasoli, vumbi la kiangazi likimpiga usoni, malori ya pamba yakimpita na nyuzi nyeupe zikibaki kwenye miiba kando ya barabara. Maiti anakunjwa ili afichwe au abebwe. Kasoli wakati wa msimu, kitu kikubwa kilichokunjwa hakishangazi mtu kikiwa ndani ya gunia la pamba. Na lori la Marcelo kwenda Bariadi lilipita mbele ya nyumba ya Novatus. Yote yalilingana, isipokuwa yule mzee aliyepita pampuni jioni na miguu yake mwenyewe. Kila Athanasi alipofika hapo aligonga ukuta, akarudi mwanzo.

Msibani watu walikuwa bado wengi. Marcelo alimpokea vizuri, kijana mrefu mwenye heshima, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamtafutia kiti na maji ya kunawa. Alirudia maelezo yake bila kupunguza wala kuongeza. Athanasi aliomba kusalimiana na wazee, na hapo Mahona, mtemi wa sungusungu, jeshi la ulinzi la wanakijiji, akamsogezea kigoda chake karibu.

Mahona alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema kuna kitu kimoja hajakiweka sawa kichwani. Siku chache kabla ya kufa, Novatus alimwomba aitishe mkutano wa sungusungu. Hakutaja habari ya nini. Alisema tu kwamba ni jambo la aibu na lipo nyumbani kwake, na kwamba afadhali aseme mwenyewe kuliko watu waligundue.

"Wa nyumbani kwake ni nani, zaidi ya mpwa wake?" Athanasi aliuliza.

"Hakuna," Mahona alisema, akatema mate pembeni.

Sungusungu wa Kasoli hawakuwa na jela wala hawakuihitaji. Mtu akithibitika mwizi walimtenga. Hapewi moto wala maji, salamu yake haijibiwi, ng'ombe wake hawachungwi na wenzao, na akifiwa anazika peke yake. Athanasi alikuwa amewaona waliotengwa. Wengi walihama usiku, na waliobaki walianza kuzungumza na kuku wao.

Aliwaendea wanawake, waliokuwa wakimenya viazi vitamu nyuma ya nyumba. Lukresia, mama wa makamo aliyekuwa wa kwanza kutoa taarifa ya jioni ile pampuni, alimweleza tena kwa hiari. Jua lilikuwa linazama. Mzee alipita njia ya ng'ambo, mbali kidogo, hakusema neno. Walimtambua kwa koti, kofia na mwendo.

"Tena siku ile alitusalimia vizuri," Lukresia aliongeza, kwa huzuni ya kweli. "Mkono wake wa kulia, juu, kama zamani. Tangu apasuliwe alikuwa anatutupia wa kushoto, tunamnunia. Mimi nilisema jana, Mungu alimrudishia adabu kwanza, ndipo akamchukua."

Athanasi alikuwa ameokota kiazi bila kujua. Alikirudisha bakulini taratibu. Alimsikia mama yake: mdomo haunyooshwi, daktari. Alimsikia na daktari: walijaribu mara moja, hawakurudia. Nyonga ya Novatus ilikuwa ya kushoto. Mkongojo wake kulia. Mkono wa salamu, apende asipende, kushoto.

Kwa hiyo Kasoli nzima ilikuwa imemwombolezea mzee kwa ile salamu ya adabu, na salamu ile ndiyo pekee ambayo Novatus Mayige asingeweza kuitoa.

Angeweza kusimama pale pale na kutangaza. Ndipo alipouona mtego wake tena, wazi kuliko asubuhi. Lolote litakalotoka kinywani mwa Athanasi siku hiyo litanuka nyonga ya Wilhelmina. Haikutosha yeye ajue. Ilibidi waone wao, waseme wao, na yeye awe mtu aliyesimama pembeni na kofia mkononi.

Alirudi kwa Mahona akamwomba jambo dogo. Wanawake wa pampuni waitwe na wasimame mwisho wa uwanja, pale penye tuta. Mkongojo wa marehemu uletwe. Na Marcelo, kwa kuwa ndiye aliyemwona mjomba wake akitoka ghalani kwa mara ya mwisho, awaonyeshe wote mzee alitembeaje jioni ile, ili polisi waandike vizuri. Mahona akasimama kwenda kuwaita.

Marcelo alisita alipoona watu wanasogea. Kisha akaona kukataa ni vibaya zaidi. Aliuchukua mkongojo, na Athanasi akaona alivyoushika: mkono wa kulia, sawasawa. Kijana hakuwa mjinga. Alikuwa amefanya kazi na mzee yule miezi, akauvaa mwendo wake vizuri, kushoto kunabonyea, bega la kulia linapanda. Wazee waliguna kwa uchungu, maana ilikuwa kama Novatus amefufuka. Athanasi naye aliguna, kwa sababu nyingine. Kama kijana angefika hadi mwisho hivyo hivyo, kesi ilikuwa imekufa, na mama naye.

Marcelo alipokaribia tuta, Lukresia, aliyekuwa ameambiwa tu afanye kama alivyofanya siku ile, aliinua mkono wake.

"Mwadila, baba," akasema, salamu ya Kisukuma.

Marcelo alikuwa amelelewa vizuri. Hilo ndilo kosa lake, na katika Kasoli nzima asingepatikana mtu wa kulikwepa. Mwanamke mkubwa akikuinulia mkono humrudishii wa kushoto. Mkongojo ulihamia kushoto wenyewe, na mkono wa kulia ukapanda juu, wazi, wa heshima, huku akichechemea hatua nyingine mbili bila taabu yoyote na mkongojo umekaa upande wa mguu mbovu.

"Ndivyo," Lukresia alisema. "Hivyo hivyo alivyotusalimia." Wenzake wakaitikia kwamba ndivyo.

Athanasi alimuuliza, kwa sauti ya kawaida, mzee alisalimia vipi siku nyingine. Lukresia akamwendea Marcelo, akauchukua mkongojo mkononi mwake, akauweka kwenye mkono wake wa kulia, na akauinua wa kushoto kwa ile namna ya kutupa iliyowaudhi wote. Alibaki hivyo. Mkono wa kushoto ulikuwa bado hewani alipoanza kumtazama Marcelo, halafu akautazama mkongojo, halafu akamtazama Marcelo tena, na mkono ukashuka.

"Hata mimi alikuwa ananipa kushoto," Mahona alisema polepole. "Mimi, mtemi. Nilimwambia auhamishe huo mti, akajaribu mbele yangu, akalia kwa maumivu. Novatus hakuweza."

Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume waliokuwa wameketi walisimama, mmoja mmoja, wakajipanga bila kuambiwa, na uwanja uliokuwa wazi pande zote haukuwa wazi tena. Marcelo alitazama upande wa ghala, kisha upande wa barabara. Athanasi alimfahamu vizuri kuliko alivyotaka. Asubuhi ile yeye mwenyewe alikuwa ametazama pande zote mbili namna hiyo.

"Ulisema ulimwona mjomba wako akitoka ghalani," Athanasi alimwambia. "Aliyetoka ghalani hakuwa yeye. Mjomba wako alibaki ndani. Mtu mzima haingii kwenye gunia la pamba bila kukunjwa, Marcelo, na nyonga ile haipendi kukunjwa. Twende tukaangalie magunia?"

Kijana akakaa chini mavumbini. Kisha akasema yote, akiangalia ardhi, kwa sauti ndogo iliyowalazimu watu kuinama. Mizani. Mzee aligundua kwamba mawe ya mizani yamechezewa, na kwamba wakulima waliopunjwa ni majirani na ndugu. Hakutaka kwenda polisi. Alitaka kumsimamisha mbele ya sungusungu. Marcelo alimpigia magoti mle ghalani, mzee akakataa, akalala kidogo juu ya magunia kupumzisha mguu, na mto wake wa kukalia ulikuwa pale. Alivaa koti na kofia akapita pampuni aonekane. Alirudi kwa njia ya mashambani, akamkunja mjomba wake ndani ya gunia, akampakia lorini, akamshusha kwake, akamlaza kitandani, akamwekea na mkongojo wake kando.

"Sikutaka kutengwa," alisema. Halafu akamnyooshea Athanasi mikono yote miwili pamoja. "Nifunge, Afande. Nipeleke Shinyanga, popote. Hawa usiniache nao."

Athanasi alimfunga pingu. Mahona na wazee wawili walisema watakuja nao Bariadi, watoe ushahidi wao kwa midomo yao, na hakuwabembeleza kubaki. Lori la Marcelo mwenyewe ndilo lililowabeba, pamoja na pikipiki ya kituo, likiendeshwa na mtu mwingine. Njia nzima hakuna aliyemsemesha kijana yule. Alipoomba maji, chupa ilizunguka mikononi mwa wazee ikarudi ilikotoka. Alikuwa ameshatengwa kabla hawajafika barabara kuu. Athanasi alimpa maji yake.

Land Rover ya mkuu ilikuwa imeegeshwa mbele ya hospitali, mlango wa nyuma wazi. Daktari Januarius alikuwa ameketi ndani yake, mikono yenye pingu juu ya magoti. Athanasi alitoa heshima, akasema amemleta mtuhumiwa na mashahidi, na kwamba yeye angeomba asiulizwe kitu hadi wao waulizwe. Mkuu, mtu mnene aliyechoka na safari, alitaka kufoka. Ila Mahona alikuwa ameshashuka lorini, na Mahona hakuwa mtu wa kukatizwa. Alieleza yote, akaagiza mkongojo uletwe, na Lukresia, aliyekuja bila kuitwa na mtu, akamwonyesha mkuu wa polisi wa wilaya jinsi Novatus Mayige alivyowasalimia watu na jinsi alivyosalimia siku ya kufa kwake. Kisha Marcelo akaulizwa, naye akajibu.

Mwisho mkuu akamwambia Koplo Elia afungue pingu za daktari. Akamvuta Athanasi kando na kumwambia kwamba kesi hii kuanzia sasa hataiona tena, ataikabidhi kwa mwingine, na Shinyanga watataka aeleze mama yake alikuwa kitanda gani.

"Ndiyo, Afande," Athanasi alisema, na safari hii neno halikumchukua muda.

Daktari alikuwa tayari kwenye bomba. Alinawa kwa muda mrefu, sabuni hadi viwiko, akisugua alama nyekundu ambazo pingu zilimwachia kwenye vifundo vya mikono, na hazikutoka. Hakumwangalia Athanasi. Alipita akipaza sauti ya kuitisha nyundo na patasi zake, akauliza nani amezima jiko la kuchemshia vyombo, na wauguzi wakakimbia.

Mama alitolewa wodini kwenye kitanda cha magurudumu. Mfuko wa mchanga ulikuwa umeondolewa, na mguu ulilala kati ya mito miwili, mfupi kuliko mwenzake. Athanasi alisimama ukutani, hakujua asimame karibu au mbali, hakujua kama ameruhusiwa hata kumgusa.

Wilhelmina alimwona. Mkono wa kulia aliushika ukingo wa kitanda, barabara, kama mtu aliyeshika mkongojo. Akainua wa kushoto, juu, kwa ile namna ya kufukuza mbwa.

"Usinune, baba," alisema. "Nafanya mazoezi."

Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguliwa, kitanda kikaingia. Kabla haujafungwa, Inspekta Athanasi naye aliinua mkono wake wa kushoto.